Kamera Mbili za Mzee Sixte

Kama umewahi kushuka stesheni ya Mpanda na mzigo kichwani, basi kijiwe cha Taruma umekipita, na wenyewe wamekusema kabla hujafika barabarani. Ni taruma moja la reli, la mti, lililochoka kubeba treni likalazwa juu ya mawe, na tangu hapo kazi yake ni kubeba wanaume wasiochoka kusema. Mbele yake Prisila huweka jiko la mkaa, birika la kahawa yenye tangawizi na sahani ya kashata. Mwaka wa tisini na tisa ulikuwa ukingoni, mvua ya asubuhi imekatika, ardhi inafuka mvuke, na waliokalia taruma siku hiyo walikuwa watatu. Kasimu, anaitwa Mitabendi, kwa kuwa redio haimbanduki sikioni. Deogratias, anaitwa Askofu, alikaa seminari mihula miwili akarudi na methali tu, nazo hazikumkaa vizuri. Na Maduhu, Msukuma wa ng'ombe, anaitwa Injinia tangu alipofungua baiskeli yote akaifunga tena, ikatembea, vipuri vikabaki mfukoni. Juu ya kigoda cha Prisila, kwenye kitambaa kikavu, zilikaa kamera mbili.

— Msiziguse, alisema Prisila. Mzee Sixte amekwenda kukata tiketi. Akirudi anataka jibu.

— Jibu la nini? aliuliza Mitabendi.

— Nichague moja. Moja yangu, nyingine anampelekea mjukuu wake Tabora.

— Yako wewe? Ya kufanyia nini?

— Ya kupigia picha, kaka Kasimu. Kamera hazichemshi kahawa.

Watu wakatazamana. Mzee Sixte ndiye aliyekuwa mpiga picha wa Mpanda nzima. Ukiona ukutani bibi harusi kanuna, ujue ni mkono wake, maana hakupenda watu wacheke wakatikisa picha. Sasa macho yalikuwa yameingiwa na ukungu, na mwanawe kamwita Tabora akapumzike. Prisila alikuwa ameubeba mkoba wa mzee harusi kwa harusi, kuanzia Ilembo mpaka Kibaoni, akijifunza kimya kimya. Alitaka kuwa mpiga picha kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Hakumwambia mtu, kwa sababu kijiweni ukiitaja ndoto yako kwenye kikombe cha kwanza, kufikia cha tatu imeshakuwa mali ya umma na imeshapata mapungufu.

Kamera zenyewe zilikuwa za ukoo mmoja, zile ambazo unachungulia kupitia lenzi yenyewe, unachokiona wewe ndicho inachokiona yenyewe. Ila moja ilikuwa ya chuma, ya filamu, imechubuka pembe zote. Nyingine nyeusi, nene, mgongoni ina kioo kidogo. Hiyo ilikuwa ya mtafiti mmoja wa viboko kule mbugani Katavi, aliyepewa mpya zaidi kwao, akamwachia mzee Sixte hii kwa urafiki.

— Hii ndiyo dijitali, alisema Mitabendi, kama vile yeye ndiye aliyeileta. Niliisikia redioni. Haina filamu.

— Haina filamu! Injinia aliinama mpaka pua ikakaribia. Sasa picha inakaa wapi?

— Humo humo. Kuna kadi.

— Kadi ya chama?

— Kadi ya picha, bwana! Picha zinaingia, zinakaa.

— Nimeelewa, alisema Injinia, ambaye hakuelewa. Ni zizi. Unaswaga ng'ombe, unafunga mlango.

— Chagua ya filamu, dada Prisila, alisema Askofu. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa.

— Hiyo inahusu nini hapa?

— Inahusu kila kitu. Ndiyo maana ni methali.

— Achana na filamu wewe! Injinia alirudi kwenye taruma kwa kishindo. Mimi mzee Sixte alinipiga na lile dume langu la madoa, filamu ikiwa mpya. Nikaambiwa, subiri filamu iishe. Haya, filamu inaisha? Ni Kwaresima, hakuna harusi. Nikawa nawasihi watu njiani, jamani si mkapige picha! Ilipoisha ikapanda treni kwenda kusafishwa Tabora, maji yakakata reli. Naletewa picha, dume tumeshalila, na mimi nina mvi.

— Mvi ulikuwa nazo, Injinia.

— Kwenye picha sina. Nenda nyumbani ukaangalie.

Prisila alicheka na kuwaongezea kahawa. Moyoni alikuwa ameshachagua. Tangu mzee Sixte alipomwonyesha ile nyeusi inavyofanya kazi, usingizi wake ulikuwa umebadilika. Alijiona Ilembo, uani kwa watu, mvua imetoka kunyesha kama leo, bibi harusi amekaa kwenye mkeka na miguu yenye hina. Anampiga, anageuza kioo, na bibi harusi anajiona hapo hapo, kabla jasho halijakauka. Halafu mama mkwe anataka kujiona. Halafu watoto. Hakuna kungoja filamu, hakuna kungoja treni, hakuna mtu wa kumfuata mpaka kwenye kahawa akimwuliza picha yangu iko wapi. Ndoto hiyo ilimjia hata mchana, akawa anamimina kahawa inafurika kwenye kisahani.

— Dada Prisi, kikombe kimejaa.

— Samahani, kaka.

— Niwaambie siri yake, alisema Mitabendi, akazima redio, jambo ambalo hulifanya kwa mambo mazito tu. Ile kadi ni ya kutudanganya. Picha ya dijitali inasafiri hewani, kama sauti. Wewe unapigwa hapa Mpanda, picha inakwenda juu, inagonga mawingu, inashuka kwa mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana siku hizi unaota watu usiowajua. Umepitiwa na picha za watu.

— Mayo! Injinia alishika kichwa. Kumbe! Juzi nimeota mzungu anapika ugali.

— Umeona?

— Halafu ugali wenyewe mzuri!

— Basi kama zinapita hewani, alisema Askofu, zinanyeshewa. Na zikinyeshewa zinaanguka porini. Nyuki wa Inyonga wanazipata kwenye maua. Mtu anakula asali ya Inyonga, usiku anaota harusi asiyoalikwa. Ndiyo maana ya ule msemo, mchumia juani hulia kivulini.

Wakaifikiria hiyo asali. Hata Prisila aliifikiria. Lilikuwa jambo zuri, la uongo mtupu, na kijiweni huwa hawalitupi jambo kwa kosa dogo kama hilo.

— Tatizo ni mwaka elfu mbili, Mitabendi aliendelea. Redio zote zinasema. Saa sita ya usiku ikigonga, mashine zinasahau. Hiyo kamera itaamka asubuhi haimjui mtu. Uliyempiga Novemba atakuwa hajazaliwa.

— Sasa kaka, si ndiyo wewe uliyekuwa unaisifia?

— Naisifia. Ila ni kimeo.

Prisila akaona upuuzi sasa umetosha. Aliichukua ile kamera nyeusi, akaiwasha kama alivyofundishwa, ili wajionee wenyewe. Mzee Sixte alikuwa amempa maelezo machache: kadi imejaa picha tele, nyingine za mtafiti, nyingine alizipiga yeye za kujaribia, ila mwenyewe hazioni vizuri kwenye kioo kile kidogo. Atakayeichukua lazima afute kwanza. Na kitufe cha kufutia alichofundishwa na mtafiti ni kimoja, nacho kinazoa zote kwa mkupuo.

Wanaume wakamzunguka, wakafunika jua kwa mabega. Prisila akabonyeza. Akatokea kiboko. Akabonyeza, akatokea kiboko mwingine, au huyo huyo. Akatokea mwanamke na beseni la mihogo sokoni. Kikatokea kituo cha treni, watu hawana vichwa.

— Hapo macho yalishaanza kumsumbua mzee, alisema Injinia kwa huruma.

Prisila akabonyeza tena, na Selestine akatokea.

Alikuwa amekaa pale pale kwenye taruma, miguu mbele, kofia ya reli imesukumwa nyuma, kikombe cha kahawa mkononi. Anacheka. Siyo kutabasamu, anacheka mdomo wote wazi, jicho moja limefumba, kahawa imeegama karibu imwagike. Selestine mshika bendera, aliyekunywa kahawa hapo kila siku ya Mungu, akaondoka kwa homa mwezi wa kumi kabla hata watu hawajajua kwamba anaumwa. Walimzika Ilembo. Msalaba wake una jina tu, kwa sababu hakuwa na picha hata moja. Mwenyewe alizoea kusema atapigwa siku akinyoa vizuri.

— Selestine, alisema Askofu.

— Ni yeye.

— Ni yeye, jamani. Tazama meno.

Kioo kikazimika. Wote watatu wakaruka.

— Ameenda wapi?

— Hajaenda, alisema Prisila. Inajizima yenyewe ikikaa. Akabonyeza, Selestine akarudi, bado anacheka. Pembeni kulikuwa na alama nyekundu ya betri inapepesa.

Hakuna aliyekumbuka dijitali ni nini wala mawingu yanafanya nini. Injinia alikuwa anafuta macho kwa mkono wa koti wala hajifichi. Mitabendi alinyoosha kidole akagusa ukingo wa kamera, taratibu.

— Anatuona?

— Usiwe mjinga, Kasimu.

— Nauliza tu. Anaonekana kama anatuona.

— Twende naye kwa mjane wake, Imakulata, alisema Askofu. Sasa hivi. Yule dada amejifungua juzi tu, kichanga hakimjui baba. Mwanaume amekufa hajaacha hata kivuli. Twende, aone.

— Aone, halafu? aliuliza Prisila.

— Halafu nini?

— Betri hii inakata roho. Ataona kidogo, kitazimika. Mtoto akikua ataonyeshwa nini? Kioo cheusi?

— Si utakuwa na kamera wewe? Utamwonyesha kila siku.

— Nikiichukua lazima nifute ndipo nipige wengine. Nikifuta, namfuta na yeye. Nisipofuta, sina kamera.

— Acha basi aende nayo mzee Sixte.

— Mjukuu wake atafuta kesho. Hamjui Selestine.

Hapo ndipo Prisila alipoumia kweli. Ndoto yake yote ilikuwa mikononi mwake, ina uzito, ina vuguvugu la betri, na ndani yake kuna mtu. Alimwona tena bibi harusi wa Ilembo akigeuziwa kioo, akiangua kicheko; kisha akamwona akienda kwake mikono mitupu. Mama mkwe mikono mitupu. Watoto mikono mitupu. Mpanda nzima inajiona, inafurahi, inarudi nyumbani, na ukutani hamna kitu. Kompyuta ya kuzitoa picha ilikuwa wapi? Waya wenyewe ulishaondoka na mtafiti wa viboko. Katika maneno yote yaliyosemwa tangu asubuhi, hilo hakuna aliyelisema, wala yeye mwenyewe hakulifikiria, kwa jinsi alivyoitamani.

— Wahenga walisema, alianza Askofu, akashindwa kuendelea. Ilikuwa mara ya kwanza.

— Mimi nasema hivi, alisema Injinia. Kama yupo humo, si apigwe tena?

— Apigweje tena, Injinia? Mtu amekufa!

— Humo hajafa. Amekaa, ametulia, hatikisiki. Mzee Sixte angempenda. Mpigeni!

Askofu alicheka kicheko cha uchungu. Prisila hakucheka. Alikuwa anaitazama ile kamera ya chuma. Aliichukua, akageuza akaangalia dirisha dogo la namba pale juu. Filamu ilikuwa ndani, ya mzee Sixte, imebakiza picha moja.

— Injinia, alisema, vua koti.

— Nimefanya nini?

— Vua koti, kaka yangu, tunahitaji giza. Jua linakiua hiki kioo.

Lilikuwa koti kubwa la msituni, la kuchungia ng'ombe kwenye mvua, linanuka moshi na maziwa. Wakalitanda juu ya taruma, Injinia upande mmoja, Askofu upande wa pili. Kamera nyeusi ikaegemezwa kwenye birika. Kamera ya chuma ikalazwa juu ya taruma lenyewe isitikisike, na Prisila akapiga magoti kwenye tope akaingiza kichwa. Mitabendi akapewa kazi ya kubonyeza Selestine asizimike.

— Unamwona? aliuliza Askofu toka nje.

— Namwona. Ila lenzi haitaki nisogee karibu zaidi. Atakuwa mdogo.

— Hata ya pasipoti ni ndogo!

— Nyamazeni.

Chini ya koti palikuwa na dunia nyingine. Giza, harufu ya ng'ombe, pumzi ya Kasimu iliyojaa kashata, na katikati dirisha moja dogo lenye mwanga ambamo mtu anacheka. Prisila aliizungusha lenzi polepole. Selestine alikuja kwa mawimbi, akawa ukungu, akawa rangi, akawa Selestine, akapita akawa ukungu tena, Prisila akamrudisha. Aliisikia mvua ya mbali kuelekea mlimani. Alijisikia yuko mbali sana na stesheni, mahali ambapo watu wote waliowahi kunywa kahawa yake wamekaa wanangoja kuitwa. Hakuogopa. Alimhurumia tu, na alimpenda, kama unavyompenda mteja wa kila siku ambaye hukuwahi kumwambia.

— Kaka Selestine, alisema kwa sauti ndogo, usitikisike.

Mwanga ulikuwa haba, alijua kile kimlango cha ndani cha kupitisha mwanga lazima kikae wazi muda, na yeye asipumue. Hakupumua. Kasimu naye hakupumua. Nje, Askofu na Injinia hawakuambiwa kitu lakini nao walikata pumzi. Alibonyeza. Kamera ikafunguka, ikakaa, ikafunga, klak! Na kabla Mitabendi hajaondoa kidole, alama nyekundu ikapepesa mara ya mwisho na kioo kikazima. Alibonyeza tena na tena. Selestine hakurudi.

Walipotoa koti, mzee Sixte alikuwa amesimama mbele yao, tiketi mkononi, anakunja macho.

— Nani anaumwa?

— Hakuna anayeumwa, shikamoo mzee, alisema Prisila, magoti yana tope. Nimemaliza filamu yako.

— Marahaba. Umempiga nani?

Wakamweleza wote kwa pamoja, ikawa vurugu. Mzee alisikiliza, kichwa kimeinama. Kisha alikaa kwenye taruma, akanyoosha mkono akaomba kahawa, akainywa yote.

— Niliipiga mwezi wa tisa, alisema. Nilimwambia asicheke. Sikujua imetoka.

— Ilitoka, mzee. Ilitoka vizuri.

— Haya, binti yangu. Treni hainingoji. Umechagua?

Prisila aliiangalia ile nyeusi. Alitamani kulia, na machozi mawili matatu yalimtoka, kwa sababu ilikuwa nzuri na alikuwa ameiota. Kisha akaiweka mikononi mwa mzee, akaifumba mikono ya mzee juu yake.

— Nachukua ya filamu. Ila mwambie mjukuu asifute. Mpaka hii isafishwe.

— Nitamwambia. Ni mtoto, lakini nitamwambia.

— Mwambie kwa ukali, mzee, alisema Injinia.

Mzee Sixte hakuhitaji macho kwa kazi hiyo. Alizungusha kile kimkono kidogo juu ya kamera ya chuma, akisikiliza, mpaka filamu ikajifungasha yote. Akaifungua, akaitoa, akaitia kwenye kikopo chake na kikopo kwenye mfuko wa shati, akafunga kishikizo. Tabora ataipeleka kwa msafishaji wake wa siku zote. Picha zitarudi na treni, Mungu akijalia na reli isikatwe na maji. Kamera tupu alimvisha Prisila shingoni mwenyewe. Kisha honi ikalia, wakamsindikiza hadi kwenye behewa, wakambebea na godoro.

Waliporudi, kijiweni palikuwa na mgeni. Mtu mmoja, jina lake Kashinje, ametoka Kibaoni na jogoo kwapani, treni imemwacha palepale ameiona mkia. Alikuwa amekaa karibu na jiko, anaota moto, anawatazama hawa watu wanne wanaotembea kimya kama watu waliotoka kanisani.

— Kwema? aliuliza. Mbona hivyo? Kuna msiba?

— Hakuna msiba, alisema Mitabendi. Tumepiga picha.

— Ya nani?

— Ya rafiki yetu. Ipo kwenye treni.

— Aa, vizuri, alisema Kashinje, akampakata jogoo wake vizuri. Na imetoka?

Mitabendi aliiwasha redio yake. Askofu alitazama reli. Injinia alilivaa koti lake, akatafuta vifungo ambavyo havikuwepo.

— Sijui, alisema Prisila. Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa kwenye taruma lile. Alilisikia likitoka mdomoni mwake, akaona kwamba anaogopa mno na ana furaha mno, vyote pamoja, na kwamba itabidi akae navyo hivyo mpaka treni irudi. Akaishika kamera tupu iliyoning'inia kifuani, isimgonge, akainama kummiminia mgeni kahawa. Yalitoka matone, halafu machicha.